Diplomacy, Risk, Catan au Cosmic Encounter: mchezo upi wa kuungana na kugeukana unaifaa meza yenu?

Bao na drafti ni michezo ya watu wawili. Kete 64 za bao la kiswahili ziko wazi mbele ya wote, na aliyeshindwa ameshindwa kwa hesabu. Akiingia mtu wa tatu mezani, hesabu peke yake haitoshi tena. Wawili wanaweza kukubaliana kumwangusha mmoja, na yule akishaanguka wao wanabaki wakitazamana, kila mmoja akijua vizuri mwenzake anaweza kufanya nini, maana wametoka kulifanya pamoja.

Michezo ya mezani iliyojengwa juu ya hali hiyo ni mingi. Hapa nalinganisha minne ambayo bado inachapishwa na ambayo kundi la marafiki linaweza kuamua kuinunua: Diplomacy, Risk, Catan na Cosmic Encounter. Wanaotaka kununua huuliza kwanza mchezo unachukua saa ngapi na unataka watu wangapi. Hayo ni maswali ya haki na nitayajibu, lakini kwangu mimi yanakuja baada ya swali jingine: ahadi ikivunjwa mezani penu, aliyevunjiwa atamlaumu nani? Katika Diplomacy atamlaumu mtu, na atakuwa na haki. Katika Risk lawama itagawanywa kati ya mtu na dadu. Katika Catan atalaumu bei. Katika Cosmic Encounter atalaumu karata, kisha atacheka na kuendelea. Kundi linalochagua bila kujiuliza hivyo linaweza kununua mchezo mzuri sana na kuucheza mara moja tu.

Diplomacy: hakuna dadu, kuna kauli

Aliyeubuni ni Mmarekani Allan Calhamer, mtu aliyesoma Harvard, na mchezo ulikamilika mwaka 1954. Makampuni yalipoukataa, mwaka 1959 alichapisha mwenyewe nakala 500. Baadaye maishani alifanya kazi ya kupeleka barua katika jimbo la Illinois, na ndivyo mchezo wake ulivyoenea pia: kuanzia 1963 wachezaji walianza kutumiana amri na maafikiano kwa posta, mchezo mmoja ukichukua miezi mingi.

Ubao ni ramani ya Ulaya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mchezo unaanza mwaka 1901. Mataifa ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Kila taifa linaanza na vikosi vitatu, isipokuwa Urusi yenye vinne. Ramani ina vituo 34, na idadi ya vituo ulivyoshika ndiyo idadi ya vikosi unavyoruhusiwa kuwa navyo. Anayefikisha vituo 18 ameshinda.

Kila kikosi, kiwe cha nchi kavu au cha manowari, kina nguvu ya moja. Kikosi kimoja kikikivamia kingine kilichotulia mahali pake, hakuna kinachotokea, maana nguvu moja dhidi ya moja ni sare. Ili kumtoa mtu unahitaji kikosi cha pili kisimame jirani na kuunga mkono uvamizi, nguvu iwe mbili kwa moja. Sasa fikiria taifa lenye vikosi vitatu lililozungukwa na majirani watatu au wanne. Haliwezi kulinda pande zote na kushambulia kwa wakati mmoja. Linahitaji kikosi cha mtu mwingine, na sheria zinaruhusu kikosi chako kiunge mkono cha mwenzako. Kwa hiyo ushirika katika Diplomacy unaletwa na uhaba. Hata mtu asiyependa maneno mengi atalazimika kutoka kwenda barazani na jirani yake kuzungumza.

Mazungumzo ndiyo sehemu kubwa ya mchezo. Kabla ya kila zamu watu hupewa kama robo saa. Wanaondoka mezani wawili wawili, wengine jikoni, wengine nje, wanarudi na kuandika amri zao kwa siri, kisha karatasi zote zinasomwa pamoja. Sheria haziyapi nguvu maafikiano yoyote. Unaweza kuahidi, kuapa, hata kumwandikia mtu mkataba, na bado karatasi yako ikasema jambo jingine. Tumelelewa na msemo kwamba ahadi ni deni. Katika Diplomacy ni deni lisilo na mahakama ya kulidai.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi uongo unavyofichuka. Amri ya kuunga mkono lazima itaje kikosi kinachoungwa mkono kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Nikimwahidi Mjerumani kwamba kikosi changu kitamsaidia kuingia Ubelgiji kutoka Uholanzi, nami nikaandika hivyo, halafu yeye akabadili mawazo na kwenda kwingine, msaada wangu unapotea bure na kila mtu mezani anasikia kwamba umepotea. Na nikiandika jambo jingine baada ya kuahidi, uvamizi wake unagonga ukuta na jina langu linasomwa kwa sauti. Hakuna nafasi ya kusema dadu zimekataa. Dakika hiyohiyo watu saba wanajua nani amesema kweli.

Mfano bora wa kutoaminiana uliowekwa ndani ya ramani yenyewe ni Bahari Nyeusi. Urusi ina manowari Sevastopol, Uturuki ina manowari Ankara, na bahari iko katikati yao. Atakayeingia kwanza amemshika mwenzake pabaya. Wanaweza kuahidiana kwamba hakuna atakayeingia, lakini ahadi hiyo ni hatari, kwa kuwa anayeishika ndiye anayeumia ikivunjwa. Wachezaji wazoefu hufanya kinyume: wanakubaliana wote wawili waamuru manowari zao ziingie. Zinakutana kwa nguvu sawa, hakuna inayopita, kila moja inabaki ilipokuwa. Maafikiano ya namna hii hayadai umwamini mtu. Akivunja ahadi kwa kutoingia, aliyepoteza bahari ni yeye. Mtu akielewa kwa nini hilo ni zuri kuliko "tuache wazi, ndugu yangu", ameshaanza kuujua mchezo.

Sehemu ya pili ni mpaka wa Italia na Austria. Venice na Trieste ndiyo vituo viwili pekee vya nyumbani (vile ambavyo taifa linaanza navyo) vya mataifa tofauti vinavyopakana moja kwa moja, na kila kimoja kina kikosi tangu mwanzo. Mataifa hayo mawili yakipigana mapema, mara nyingi anayefaidi ni Urusi au Uturuki, na wote wawili wanalijua hilo. Hata hivyo kila mmoja analala akijua jirani yupo hatua moja kutoka chumbani kwake. Ushirika wao maarufu, ule wa Italia kumpita Austria kwa amani na kupeleka jeshi kwa meli dhidi ya Uturuki, unahitaji Austria aache mgongo wake wazi kwa takriban miaka miwili ya mchezo. Wanaoufanikisha huangalia amri na hawaangalii uso. Wanajiuliza: vikosi vya huyu mshirika vimekaa wapi mwaka unapoisha, na vingefaa kwa kazi gani nyingine?

Hiyo ndiyo kanuni ninayoamini kuliko zote katika mchezo huu. Kama Urusi na Uturuki wameungana, Mturuki akienda magharibi kwa bahari na Mrusi akienda kwa nchi kavu na kaskazini, siku Mrusi anapojenga manowari mpya Sevastopol hakuna haja ya kumuuliza maswali. Manowari hiyo haina kwa kwenda ila Bahari Nyeusi na pwani zake. Maelezo yatakuwa matamu, lakini mahali ilipo inatosha.

Halafu kuna namba zenyewe. Washirika wawili waaminifu wakiila ramani yote na kugawana sawa, kila mmoja atakuwa na vituo 17. Ushindi ni 18. Kituo kimoja tu ndicho kinachowatenganisha na kuvunja urafiki wa saa tano, na wote wawili wamekuwa wakikiona tangu ramani ilipoanza kupungua watu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na aliyechora ubao huu alihakikisha zizi lina ukubwa huo kamili. Sheria zinaruhusu waliobaki kukubaliana sare, na wengi huchagua hivyo. Lakini sare inahitaji wote wakubali, na yule aliyefikisha 16 akiwa na nafasi ya kuvamia viwili kwa mpigo atachelewa kujibu. Kimya chake ni habari.

Gharama yake iko wazi. Mnahitaji watu saba, na saa sita si nyingi. Wakiwa sita, Italia inaachwa bila mchezaji. Wakiwa watano, Italia na Ujerumani, na mchezo unapungua ladha. Anayeng'olewa mapema anakaa bila kazi. Na maumivu ni ya kweli: aliyekudanganya amekutazama machoni, amekuita rafiki, na alikuwa amekwisha kuamua. Nimeona watu wazima wenye akili wakinyamaziana baada ya hapo. Siushauri kwa mkubwa wa kazi na walio chini yake, wala kwa ndugu ambao tayari wana jambo la urithi au fedha lisilokwisha. Kwa marafiki waliokomaa, wanaoweza kusimama baada ya mchezo na kusema "ulinishika vizuri pale", sijui mchezo mwingine unaokufundisha kusikiliza watu kwa makini namna hii.

Ukikosa watu saba mahali pamoja, cheza mtandaoni. Tovuti za webDiplomacy na Backstabbr zinaruhusu zamu ya siku moja au zaidi, kwa hiyo mtu aliye Muscat, mwingine Mombasa na wa tatu Minneapolis wanaweza kuwa kwenye mchezo mmoja bila kusumbuliwa na saa. Usaliti wa kwenye maandishi hauumi sana kama wa ana kwa ana, ila una sumu yake: maneno yako yote yamebaki pale, na aliyedanganywa anaweza kuyasoma tena. Upo pia mchezo wa kimya, ambamo hakuna anayeruhusiwa kuandika neno, na miungano inaundwa kwa kusoma mienendo ya vikosi tu. Kwa mgeni anayeogopa maneno, kimya hicho ni mlango mzuri wa kuingilia.

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitangaza programu iitwayo Cicero iliyocheza michezo 40 mtandaoni kwa Kiingereza na watu wasiojua kwamba ni mashine, ikapata alama zaidi ya mara mbili ya wastani wa wachezaji. Waliounda walisema waliifundisha iwe mkweli kwa kiasi kikubwa. Watafiti wengine walipoyasoma mazungumzo yake walionyesha mahali ilipowageuka watu, ikiwemo pale ilipochezea Ufaransa na kupanga na Ujerumani kumhadaa Uingereza. Nalitaja kwa sababu moja ya kiutendaji: wapo wanaodhani Diplomacy ni mashindano ya waongo. Mashine ile haikufika juu kwa kudanganya kila zamu. Ilifika kwa kuwa mshirika mwenye faida, anayeeleweka, zamu nyingi mfululizo. Mwongo wa kila zamu hukosa wa kumsikiliza kabla ya 1904.

Risk: mapatano yaliyo nje ya sheria

Risk aliubuni Mfaransa Albert Lamorisse, mtengeneza filamu, na ulitoka mwaka 1957. Ni ramani ya dunia yenye maeneo 42 katika mabara sita, na sisi tumo: Afrika Mashariki ni eneo linalopakana na Misri, Kongo, Afrika Kaskazini, Afrika Kusini, Madagaska na Mashariki ya Kati. Ukilishika bara zima la Afrika, maeneo sita, unapata vikosi vitatu vya ziada kila zamu, lakini una milango mitatu ya kulinda. Anayeshika Australia anapata viwili na ana mlango mmoja tu. Kila aliyecheza mara kadhaa anajua kwa nini watu hukimbilia Australia.

Katika sheria zake za kawaida Risk haina neno kuhusu ushirika. Mapatano yanatokea kwa sababu hakuna anayeweza kulinda kila mpaka. Mwenye Amerika Kusini na mwenye Afrika wanaahidiana kutogusana pale Brazili inapotazamana na Afrika Kaskazini, kila mmoja anaondoa majeshi mengi na kuacha mlinzi mmoja mmoja. Hapo ndipo tofauti na Diplomacy inapoonekana. Kule watu wote wanatembea kwa wakati mmoja, kwa hiyo usaliti hutokea gizani. Hapa zamu ni za mmoja mmoja. Unamwona anarundika majeshi Brazili mchana kweupe, unamuuliza, anasema ni kwa ajili ya Venezuela, na huna la kufanya mpaka zamu yako ifike.

Dadu zinapunguza makali. Mshambuliaji mwenye dadu tatu dhidi ya mlinzi mwenye mbili anaua wote wawili kwa takriban asilimia 37, anapoteza wawili kwa asilimia 29, na zinazobaki kila upande unapoteza mmoja. Kwa maneno mengine, usaliti uliopangwa vizuri unaweza kushindwa mbele ya walinzi wachache wenye bahati. Hilo linampa aliyesalitiwa faraja, na kumpa msaliti kisingizio. Watu wakisimulia mchezo wa Risk kesho yake husimulia dadu: "alitupa sita tatu mfululizo." Wakisimulia Diplomacy husimulia watu.

Jambo moja wanaoanza hawalitambui mapema: kinachovunja miungano ya Risk ni karata. Kila anayeteka eneo katika zamu yake anapata karata moja, na seti ya karata tatu inabadilishwa kwa majeshi. Seti ya kwanza ya mchezo inaleta manne, ya pili sita, kisha nane, kumi, kumi na mawili, kumi na matano, na baada ya hapo inaongezeka matano kila mara. Anayemng'oa mchezaji anachukua karata zake zote, na akifikisha sita au zaidi lazima azibadilishe papo hapo, akaendelee kushambulia na majeshi mapya. Kwa hiyo mshirika wako dhaifu mwenye karata nne mkononi ni karamu iliyoandaliwa. Haijalishi amekuwa mwaminifu kiasi gani. Seti inayofuata ikiwa na thamani ya majeshi 20, mtu atamla. Mkiungana na mtu katika Risk, hesabuni karata zake na zenu kila zamu, na yule anayekaribia kuwa mnyonge azitumie mapema asigeuzwe chakula.

Wanaweza kucheza wawili mpaka watano au sita, kutegemea toleo, na mtoto wa miaka kumi anaelewa. Muda hautabiriki: kuna michezo ya saa mbili na kuna isiyokwisha usiku mzima. Anayeng'olewa ametoka kabisa, na hii ndiyo kasoro ninayoichukia, hasa watoto wakiwa mezani. Ila kwa familia ambayo haijawahi kucheza mchezo wowote wa kuungana, Risk ni mahali pazuri pa kujua kama mnaupenda mchezo wa aina hii, kwa kuwa dadu zinabeba sehemu ya lawama.

Catan: soko, na macho kwenye alama za jirani

Kwa Catan sitakaa sana, maana watu wengi huuita mchezo wa maafikiano kuliko unavyostahili. Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno ya bandia, aliutoa mwaka 1995 na mwaka huohuo ukashinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka Ujerumani. Wachezaji watatu au wanne wanajenga makazi, miji na barabara kwenye kisiwa kwa mbao, matofali, sufu, ngano na mawe ya madini. Wa kwanza kufikisha alama kumi ameshinda.

Biashara ni mkono kwa mkono: mwenye zamu ndiye pekee anayebadilishana na wengine, mnapeana karata hapohapo, biashara imekwisha. Hakuna anayelazimika kusubiri zamu ijayo kuona kama ahadi ilikuwa ya kweli. Ushirika unaoweza kutokea ni wa kumnyima mtu. Mwenzenu akiwa na alama nane, wengine wanaacha kumuuzia ngano, na mnyang'anyi, kipande kinachozuia ardhi kutoa mali, anawekwa kwenye ardhi yake kila saba inapotoka kwenye dadu. Mtu anaweza kusema "usiniwekee mnyang'anyi nami nitakupa matofali zamu yangu ikifika", na hapo ndipo Catan inaonja kidogo ladha ya Diplomacy, kwa kuwa hakuna kinachomlazimisha kutoa.

Shaka halisi ya Catan iko kwenye karata zilizofunikwa. Katika karata 25 za maendeleo tano ni alama za ushindi zinazofichwa mpaka mwisho. Anayeonekana na nane huenda ana tisa. Kwa hiyo mnabishana kuhusu nani anaongoza, na mjanja ni yule anayeweza kuwashawishi wengine kwamba si yeye. Ni saa moja na nusu hivi, hakuna anayeng'olewa, na mtaamka bado marafiki. Kama mnachotafuta ni hasa kuungana na kugeukana, mtabaki na njaa.

Cosmic Encounter: ushirika ndani ya sheria

Huu ulitoka Marekani mwaka 1977 na ndio ninaoutetea kwa watu wengi kuliko wanavyotarajia. Kila mchezaji ni jamii ya viumbe wa anga yenye sayari tano na meli 20, na kila jamii ina uwezo mmoja unaovunja sheria kwa namna yake. Anayefikisha makoloni matano kwenye sayari za wengine ameshinda. Toleo la sasa linaanzia watu watatu mpaka watano, na kuna nyongeza za kuongeza watu.

Nani wa kumvamia? Kwa kawaida humchagui. Unafunua karata ya majaliwa nayo inakutajia rangi. Kwa kundi lenye watu wanaokumbuka maneno ya mwaka jana, hilo pekee ni sababu ya kutosha kuununua. Hakuna anayeweza kusema umemwandama.

Baada ya hapo mshambuliaji anatangaza wazi anaowaalika upande wake, kisha mlinzi naye anaalika, na walioalikwa na wote wawili wanachagua upande au wanakaa pembeni. Kila mmoja analeta meli moja mpaka nne. Mshambuliaji akishinda, washirika wake nao wanapata koloni. Mlinzi akishinda, wa kwake wanapata karata au kurejeshewa meli. Hapa ushirika unatangazwa mezani na una malipo yanayojulikana, ila muda wake ni dakika chache. Mzunguko unaofuata unaweza kuwa unapigana na aliyekusaidia sasa hivi, na hakuna anayeshangaa.

Mashaka hayajaondoka. Huruhusiwi kuchota mkono mpya wa karata mpaka karata za kupambania, zile za shambulio zenye namba na zile za mapatano, zikuishe mwanzoni mwa zamu yako, kwa hiyo mwenye karata dhaifu anahitaji kuzitupa mahali. Akikualika kwa tabasamu, je, ana karata ya 30, au anataka kuondoa ile ya 4 na meli zako zipotee pamoja na zake? Au anakusudia kuweka karata ya mapatano? Wote wawili wakiweka mapatano, washirika wanarudishwa nyumbani mikono mitupu, na wahusika wakuu wanapewa dakika moja ya kukubaliana kubadilishana karata au makoloni; wakishindwa, kila mmoja anapoteza meli tatu. Mmoja akiweka mapatano na mwingine akaweka shambulio, mwenye mapatano anashindwa ila anachukua karata kutoka mkononi mwa mshindi kama fidia.

Na ushindi unaweza kuwa wa pamoja. Watu wawili wenye makoloni manne manne, wakikutana na kuweka mapatano wote, wanapeana koloni moja moja na kushinda kwa pamoja. Nalipenda jambo hili kwa dhati. Katika Diplomacy namba zinakuvuta umgeuke mshirika mwishoni. Katika Cosmic zinakupa sababu ya kumwamini mwishoni, pale ambapo kumwamini ndiko kugumu zaidi. Ameahidi kuweka mapatano. Karata imefunikwa. Ukiweka mapatano naye, akiwa ndiye mshambuliaji, akaweka shambulio, ameshinda peke yake. Katika dakika hiyo moja kuna Diplomacy nzima, na haikuwagharimu saa sita.

Mkiwa bado mnasita

Kati ya Diplomacy na Cosmic, angalieni aliyesalitiwa atafanya nini saa inayofuata. Katika Cosmic hakuna anayetolewa. Aliyepoteza meli anazirudisha moja moja na anaalikwa tena. Katika Diplomacy aliyevamiwa mapema anaweza kukaa saa tatu akiwa na kikosi kimoja, ingawa hata huyo ana nguvu asiyoijua: kura yake ya sare, na uwezo wa kumpa kituo chake adui wa aliyemsaliti. Wazoefu wengi wameokoka hivyo. Mgeni hajui, na ndiyo maana mchezo wa kwanza wa Diplomacy uwe na mtu mmoja mzoefu asiyecheza, akae kama mwamuzi, asome amri na kuwakumbusha wanyonge thamani yao.

Kati ya Risk na Catan, kama kuna watoto, Catan. Kama mna jioni ndefu na watu watano wenye kelele, Risk, na wekeni saa ya kufunga mchezo kabla hamjaanza. Vivyo hivyo kwa Diplomacy: kubalianeni mwanzoni kwamba mchezo unaishia mwaka fulani wa ubaoni, tuseme 1907, na mwenye vituo vingi ndiye mshindi. Mkiacha bila mwisho, uchovu ndio utakaoamua nani anamgeuka nani.

Wanaokaa nyumba moja wakicheza Diplomacy, msiwape mataifa kwa kura ya upofu. Mume na mke wakiwa Italia na Austria watapakana kuanzia amri ya kwanza. Mpe mmoja Uingereza na mwingine Uturuki, pembe mbili za ramani. Watasaidiana kwa maneno mchezo mzima, na wakikutana itakuwa ndani ya Mediterania, karibu na Tunis, wakati wengine watano wameshachoka au wameshatoka.